Bei ya Maji na Sahihi ya Bi Koki

Tulipoachana juma lililopita, Bi Koki alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa chuma, sketi ameibana magotini, na mdogo wake wa tumbo moja amesimama mbele yake ameshika ufunguo wa kufungia maji ya kijiji kizima. Jua lilikuwa bado halijapanda. Tangu hapo hakuna aliyesogea, kwa hiyo hujapitwa na kitu.

"Dada, inuka."

"Siinuki."

Kwa aliyeanza kutusoma leo, mambo yako hivi. Bi Koki ni mwangalizi wa kioski cha maji. Jina hilo alipewa na watoto wa shule, nalo likamganda hata mumewe, kabla hajafariki, alikuwa akimwita hivyo. Ndiye katibu wa kikundi kinachonunua maji kwa jumla kutoka Kampuni ya Maji. Kampuni inayafikisha maji kwenye mita, hapo kwenye shimo la zege. Kutoka mita hadi kioski ni bomba la wanakijiji wenyewe, walilolichimbia kwa majembe kiangazi kizima.

Bei ya jumla ya vijijini ilipangwa na Mamlaka ya Bei: mia nne kwa uniti. Miezi mitatu iliyopita bili ilikuja na mia tisa. Kampuni ikasema ni bei ya muda, Mamlaka itaibariki baadaye. Kikundi kikaendelea kulipa mia nne kama sheria ilivyosema. Kampuni ikaita ile tofauti deni, na deni ndilo lililomleta mdogo wake Bi Koki pale asubuhi ile.

Kazini wanamwita Spana. Ana miaka arobaini, watoto wanne, na pikipiki ya Kampuni. Kazi yake ni kufunga kwa wasiolipa na kufungulia waliolipa. Miaka kumi na mbili alikuwa amefunga kwa watu wengine. Kwa dada yake, hii ilikuwa mara ya kwanza.

Spana hakugombana. Alichuchumaa, akauegemeza ufunguo begani, akamweleza taratibu kwamba Meneja anataka picha ya koki iliyofungwa kabla ya saa tatu. Picha isipofika, kazi hana. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba ya mazishi.

Bi Koki naye akamwambia kitu ambacho Spana hakukijua. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee aliyebaki, alikuwa zahanati tangu alfajiri. Uchungu umeshaanza. Mwanawe yuko mbali kwenye vibarua, simu haipatikani. Na tangi la zahanati limekauka tangu juzi, kwa kuwa maji yalikuwa yakija kama machozi ya mtu mgumu.

"Nesi ana ndoo mbili," alisema. "Ukifunga, mdogo wangu, unamfungia huyo mtoto."

Spana alichukua ncha ya shati akaufuta ufunguo, ingawa haukuwa na uchafu. Kisha akasema jambo ambalo hakutakiwa kulisema.

"Kikao ni leo."

"Kikao gani?"

Akamweleza. Mamlaka ya Bei inakaa leo saa nne, mjini, kwenye ukumbi wa halmashauri. Kampuni inaomba kile kifungu cha bei ya wanunuzi wa jumla wa vijijini kifutwe, vijiji viwekwe kundi moja na kiwanda cha soda na machimbo ya mawe. Asipotokea wa kupinga, mia tisa inakuwa bei halali. Kwa miaka mitatu.

Bi Koki aliushika mfuniko kwa mikono miwili. Wao walikuwa wameambiwa kikao ni mwezi ujao. Waliambiwa na nani? Hakukumbuka. Kila mtu alisema tu kwamba ni mwezi ujao.

"Mbona hatukuletewa barua?"

Spana alisimama. Alimpa masharti yake akiangalia pembeni. Amruhusu afunge, apige picha, atume. Kisha yeye Spana atampakia kwenye pikipiki ampeleke ukumbini. Ni mwendo wa saa moja. Kwa gari la abiria la saa tano hatafika, na gari lingine hakuna.

Hebu mfikirie mwanamke huyo. Akikaa, koki inabaki wazi kwa siku moja, halafu watakuja wengine na askari. Akiinuka, maji yanakatika sasa hivi, mkwewe yuko kitandani, na anachopata ni nafasi ya kusema maneno mbele ya watu wasiomjua.

Aliinuka.

Hakutaka kuangalia. Alisikia chuma kikizunguka kwenye chuma, mara ishirini na kitu, na kila mzunguko aliuhisi kwenye meno. Alipogeuka, watu walikuwa wameshafika na ndoo zao, kama kumi hivi, na wote walikuwa wameona. Walimwona ameinuka mwenyewe. Sasa wakamwona anapanda nyuma ya pikipiki yenye nembo ya Kampuni.

Jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke aliyeazimana naye chumvi na siri kwa miaka ishirini, alisogea mbele.

"Wamekupa ngapi, Bi Koki?"

Alijaribu kueleza, lakini Spana alikuwa ameshawasha. Ndoo tupu ilirushwa, ikambamiza mgongoni, ikadunda ikabiringika njiani. Hakujua ni ya nani. Aliomba wapitie zahanati kwanza, na Spana akakata kona.

Mkwewe alikuwa amelala kwa ubavu, amekikamata chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Ni msichana mpole ambaye kwa mwaka mzima hajawahi kumwomba mama mkwe kitu chochote, hata chumvi iongezwe. Siku hiyo aliomba.

"Mama, usiende."

Bi Koki alimfuta jasho na kanga yake mwenyewe. Alimwambia anakwenda kutafuta maji. Ilikuwa kweli, lakini ilisikika kama uongo hata masikioni mwake.

Nje, mlangoni, Nesi alimsimamisha. Ni mwanamke mfupi, mchapakazi, asiye na maneno ya kupoteza. Alisema mtoto amekaa vibaya kidogo, si vibaya sana, na kwamba hizo ndoo mbili atazibana mpaka saa kumi. Baada ya saa kumi hatakuwa na maji ya kunawa hata mikono.

"Na ikipita saa kumi?"

"Nitamzalisha na mikono michafu, au nitamwambia asubiri. Wewe ungechagua lipi?"

Bi Koki hakuchagua. Alipanda pikipiki.

*

Ukumbi ulikuwa na viti mia mbili na watu wasiozidi thelathini. Feni tatu zilizunguka, moja ikipiga kelele. Mezani mbele, kila mjumbe alikuwa na chupa mbili za maji, na nyingi zilikuwa zimefunguliwa na kunywewa funda moja tu. Bi Koki alijikuta anazihesabu. Aliacha, maana zilikuwa zinamtia wazimu.

Mwenyekiti wa Mamlaka alikuwa mama wa makamo aliyepandisha miwani kwenye paji la uso na kuisahau huko. Alikuwa anauliza kwa mara ya pili kama kuna mtu yeyote wa upande wa wanunuzi wa vijijini. Wakili wa Kampuni alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Pembeni yake aliketi Meneja, miguu ameinyoosha, mtu aliyeshiba.

"Mimi," alisema Bi Koki kutoka mlangoni.

Vichwa vyote viligeuka. Aliingia na vumbi la safari hadi kwenye kope. Spana hakuingia naye. Alibaki nje karibu na pikipiki, chini ya dirisha, na Bi Koki alishukuru, kwa kuwa Meneja asingependa kumwona hapo.

Aliulizwa kama ana hotuba ya maandishi. Akasema hana. Akaulizwa ni nani. Akasema anauza maji ya ndoo. Watu wawili watatu walicheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti akawaangalia, wakaacha.

"Mwenyekiti, mimi sijui kuhutubia. Ninachojua ni ndoo. Uniti moja, likishavuja bomba letu, inanipa ndoo arobaini. Nauza ndoo kwa ishirini. Hiyo ni mia nane. Tukimlipa huyu bwana mia nne, inabaki ya kuziba bomba na kununua dawa ya maji. Akitaka mia tisa, hata nikifanya kazi bure hatuwezi kumlipa."

Meneja alitabasamu na kumnong'oneza Wakili. Wakili akauliza kwa upole kwa nini basi wasipandishe bei ya ndoo, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengine wote.

"Kiwanda cha soda kinapandisha," alisema Bi Koki. "Mtu akishindwa soda anarudi nyumbani. Kwetu akishindwa ndoo anarudi bwawani, wanakokunywa ng'ombe. Mwaka ule mita ilipoharibika walirudi. Tulizika watoto sita. Mmoja alikuwa wangu."

Feni mbovu ilisikika peke yake. Mwenyekiti aliitafuta miwani mezani, akaikuta kichwani, akaivaa. Alianza kuandika, na Bi Koki alipoona kalamu ile inatembea, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi hadi mwisho.

Aliivuta mapema mno.

Wakili alisimama. Alisema ameguswa sana, kila mtu ameguswa. Ila utaratibu ni utaratibu. Pingamizi lazima lifike kwa maandishi siku saba kabla ya kikao. Mama huyu alipewa taarifa rasmi siku ishirini na moja zilizopita, hakuandika chochote, na leo anakuja na machozi. Aliomba maneno yote aliyoyasema yafutwe kwenye kumbukumbu.

"Sikupewa taarifa," alisema Bi Koki.

Wakili hakubishana naye. Alifungua daftari refu la barua, lile ambalo anayepokea barua anatia sahihi, akaliweka mbele ya Mwenyekiti, akaonyesha mstari kwa ncha ya kalamu. Mwenyekiti alisoma. Uso wake ulibadilika. Akaligeuza daftari upande wa Bi Koki.

"Hii si sahihi yako?"

Bi Koki aliinama. Jina lake lilikuwa pale, lote, limeandikwa kwa wino wa buluu. Tarehe ilikuwa sahihi. Jina la kijiji lilikuwa sahihi. Na ile herufi K ilikuwa na mkia mrefu unaoshuka chini ya mstari, unapinda, unarudi juu.

Aliufahamu mkia ule kabla hajalifahamu jina lake mwenyewe.

Zamani, walipokuwa wadogo, mama yao akiwa kibaruani, yeye ndiye aliyekuwa akimkalisha mdogo wake chini na kumfundisha kuandika mchangani. Kila herufi mdogo wake aliikubali kama ilivyo, isipokuwa K. Alisema K bila mkia inaonekana kama itaanguka. Alichapwa shuleni kwa ajili ya mkia ule, na hakuuacha.

Nje, chini ya dirisha, pikipiki ikawaka.

Aliusikia mlio wake vizuri, hata feni haikuufunika. Ukanguruma, ukapanda, ukaondoka, ukapungua barabarani mpaka ukapotea. Spana alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani. Spana ameondoka.

"Mama," alisema Mwenyekiti, "nakuuliza tena. Ni sahihi yako au siyo?"

Akisema ni yake, amekwisha, na vijiji vyote vinne vinavyonunua kwa jumla vimekwisha naye. Akisema si yake, swali la pili analijua kabla halijaulizwa. Kughushi sahihi kwenye shauri la serikali ni jela. Spana ana watoto wanne. Mke wake amelazwa mara mbili mwaka huu kwa presha. Na nani ataaminiwa pale mjini, Meneja mwenye tai, au mfunga koki?

"Si yangu."

"Ni ya nani?"

Wakili akasema bila kuinua sauti kwamba kukana ni rahisi, kila mdaiwa anakana, na kwamba daftari halina sababu ya kusema uongo. Mwenyekiti akakubali kwa kichwa. Alimwambia Bi Koki waziwazi kwamba hapo ana neno lake dhidi ya kitabu, na kwa neno peke yake hawezi kufanya kitu. Ama amtaje aliyeandika, ama afunge kikao.

Kalamu ilikuwa imeshawekwa chini.

Bi Koki aliyaona yale macho ya mkwewe na ile mikono kwenye chuma cha kitanda. Aliiona njia ya bwawani. Kisha akasikia sauti inasema, na ilichukua muda kujua ni yake.

"Ni ya mdogo wangu. Anafanya kazi kwenye Kampuni hii hii. Mwandiko wake naujua, maana nilimshika mkono nikamfundisha mimi."

Alikaa chini bila kuambiwa akae.

*

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi, na yeye aliyasikia kama yanasemwa chumba cha pili. Meneja alisimama akasema Kampuni imesikitishwa, kama mfanyakazi ameghushi basi ni tamaa zake binafsi, Kampuni nayo imedanganywa kama wengine. Mwenyekiti alimuuliza tamaa gani, mfanyakazi wa kufunga koki anafaidika nini barua ya bei isipofika kijijini? Meneja alikunywa maji.

Kisha Mwenyekiti akasoma uamuzi. Taarifa haikufika. Shauri la bei ya jumla ya vijijini linaahirishwa siku kumi na nne, barua mpya zipelekwe na Mamlaka yenyewe kwa mkono wake. Hadi siku hiyo bei ni mia nne. Kijiji chochote kilichofungiwa kwa sababu ya ile tofauti kifunguliwe leo, jua halijazama. Na huyo fundi atafutwe, ahojiwe na polisi.

Muhuri uligongwa. Karatasi ikatolewa nakala. Bi Koki akapewa nakala yake, bado ina joto la mashine.

Alikuwa ameshinda. Ndivyo watu walivyomwambia wakimpa mkono. Mzee mmoja aliyekuja kwa shauri jingine la umeme alimwambia angekuwa na mdomo kama huo angekuwa waziri. Bi Koki alicheka, na kicheko kikatoka kibaya, mzee akauachia mkono wake.

Ndipo Meneja alipopita karibu, simu iko sikioni, akasimama kidogo.

"Tutatii amri, mama. Ila ufunguo wa koki yenu anao huyo mdogo wako. Sasa sijui utampata polisi au utampata nyumbani."

Akatoka nje huku akiendelea kuongea na simu yake. Alichokuwa anakisema hakikusikika, ila alikuwa anatoa maelekezo. Hilo lilionekana kwenye mkono wake.

Ilikuwa saa saba na robo.

Mwenyekiti alitoa gari la Mamlaka. Karani mmoja aliendesha, askari mmoja akakaa mbele, Bi Koki nyuma na karatasi yake mapajani. Askari alimuuliza mdogo wake ni mrefu au mfupi, amevaa nini. Alimjibu. Alipomaliza kumjibu alijitazama mikono kana kwamba ina kitu. Njia nzima karani alijaribu kumchangamsha, akamuuliza maji ya kwenu ni matamu au ya chumvi. Alisema hajui tena.

Gurudumu lilipasuka katikati ya safari. Jeki ilikuwa mbovu. Walisaidiwa na watu wa lori la kokoto, na saa moja na nusu ikaliwa hapo kando ya barabara. Bi Koki alikaa juu ya jiwe akiangalia kivuli cha gari kinavyorefuka.

Walipofika kwenye shimo la zege ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Pikipiki ya Kampuni ilikuwa pale.

Spana alikuwa amesimama ndani ya shimo hadi kifuani, shati amelivua, mikono yote miwili kwenye bomba. Karibu kijiji kizima kilikuwa kimemzunguka, na ndoo zao zote tupu. Jirani wa ukuta mmoja alimwona Bi Koki anashuka kwenye gari na askari. Alisogea pembeni kumpisha, macho chini.

Spana aliinua kichwa. Hakumtazama askari, alimtazama dada yake.

"Nimefungua tangu saa nane."

"Nimekutaja," alisema Bi Koki.

"Nilijua utanitaja. Ndiyo maana niliondoka. Ungeniona mlangoni ungeshindwa."

Alimuuliza kwa nini aliandika. Spana alisema Meneja alimpa bahasha nne, za vijiji vinne, akamwambia achague: bahasha zifike, au yeye abaki kazini. Alizichoma nyuma ya karakana. Alisema wakati ule aliona ni barua tu. Bi Koki alilirudia neno hilo kimoyomoyo, barua tu, na akaona hana nguvu za kumkasirikia, zilikuwa zimeisha zote asubuhi.

Lakini msomaji makini ameshajiuliza. Kama koki ilifunguliwa saa nane, mbona ndoo zote ni tupu?

Bi Koki aliruka akaingia shimoni. Aliweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa na joto, kama bomba lililoanikwa juani. Halikuwa na ule ubaridi wa maji unaopita. Aliweka sikio. Ndani kulikuwa na sauti nyembamba, ndefu, kama mtu anayepuliza chai. Kisha akaitazama mita.

Mita ilikuwa inazunguka.

Kimshale chekundu kilikimbia kama kichaa, na tarakimu zilipandana moja baada ya nyingine. Uniti moja ikaingia mbele ya macho yake. Kioski kilikuwa kikavu, hakuna hata tone lililokwenda kijijini, na mita ilikuwa inahesabu.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

"Upepo," alisema Spana. "Wakichezea koki ya juu, kule kwenye bomba kuu, bomba linaingiwa na hewa. Hewa inasukumwa huku. Mita haijui hewa na maji, yenyewe inasoma tu."

"Tangu lini?"

Spana alitazama watu waliosimama juu ya shimo, mmoja mmoja, kama anawaomba ruhusa.

"Tangu kiwanda cha soda kilipoanza kuvuta mchana. Miaka miwili. Dada, sote pale kazini tunajua."

Karani wa Mamlaka alikuwa amepiga magoti ukingoni, simu mkononi, anarekodi mita bila kuambiwa. Miaka miwili kijiji kilikuwa kinanunua upepo kwa jumla. Walikuwa wamejinyima, wameuza mbuzi, wamefukuza wasio na uwezo kwenye foleni, na Bi Koki ndiye aliyekuwa akiwafukuza, kwa mkono wake, akiwaambia maji yana gharama.

"Koki ya juu iko wapi?" aliuliza karani.

Spana alisema iko nusu saa kwa pikipiki, ndani ya uzio wa kiwanda. Ufunguo huu unaingia kule pia. Akipewa nafasi anaweza kufungua. Askari akasema yeye ametumwa kumchukua mtu mmoja kumpeleka mjini, hakutumwa kufungua maji. Akatoa pingu. Spana akanyoosha mikono yake iliyojaa grisi, bila ubishi.

Bi Koki alijipenyeza kati yao. Alikuwa anafungua mdomo kumwambia askari neno, neno lolote, na mtu mmoja juu ya shimo akasema kwa sauti ya chini, "Nesi yule."

Wote waligeuka.

Nesi alikuwa anakuja kwa njia ya zahanati, peke yake, amevaa aproni. Ilikuwa saa kumi kamili. Bi Koki alimjua mwanamke yule kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo hajawahi kumwona amemwacha mzazi kitandani hata kwa dakika tano.

Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea pole pole, na hakuwa amebeba ndoo.